Kwa Nini Mzazi Hupelekewa Sabuni

Kabla hatujaingia kumwona mzazi, kaeni kwanza niwaambie huo mche wa sabuni mliobeba ulianzia wapi.

Zamani, huku kwetu kwenye vilima vya Kigoma, mawese yakikushika yalikuwa yamekushika. Mchanga haukuyatoa, wala majani, wala maji ya ziwa zima. Doa ulizikwa nalo. Ndiyo maana aliyekamua mawese hakuruhusiwa kumpakata mtoto mchanga, asije akamtia alama ya maisha.

Nyandwi alikamua tangu usichana, na mikono yake ilikuwa myekundu mpaka viwikoni. Watu walikula mafuta yake, wakayasifu, kisha wakamfungia mlango. Binti yake wa pekee alipojifungua, Nyandwi alisimama nje akimsikia mjukuu analia ndani. Iliuma, jamani.

Akarudi kwake na hasira. Akachuja maji ya majivu ya maganda ya ndizi, yale makali ya kulainishia maharage, akasema leo atayachemsha aichubue mikono hiyo. Lakini mwenye haraka hachagui chungu: alichokitwaa kilikuwa bado na mawese chini. Wakamuaji wenzake wakacheka.

"Nyandwi, unaosha mafuta kwa mafuta?"

Alikoroga tu mpaka chungu kikajaa povu, na kilipopoa mlikuwa na bonge la rangi ya udongo. Akalishika alitupe. Mkono ulikuwa na maji, povu likatoka, na chini ya povu akaiona ngozi yake, ambayo alikuwa ameisahau.

Akalibeba bonge mpaka kwa binti yake, na pale mlangoni mkunga akaikagua mikono ile mbele na nyuma, akainusa.

"Umeoshea nini, mama?"

"Yale yale yaliyonichafua."

Akapewa mtoto. Alimpakata mpaka binti yake akaanza kuona wivu. Alipoondoka aliliacha bonge pale mlangoni, kwa ajili ya wale waliomcheka, maana nao walikuwa na wajukuu wasiowahi kuwashika. Mimi ningelificha. Hapo ndipo Nyandwi alipotuzidi wengi.

Na tangu siku hiyo, anayekwenda kumwona mzazi hubeba sabuni, na bibi ndiye hunawa wa kwanza. Kwa hiyo nipeni huo mche, na mtu anichotee maji. Nimetoka kukamua sasa hivi, na kitukuu wangu bado sijampakata.