Kiganja Nyuma ya Ukuta

"Ndiva haijai kwa mate," alisema Bibi Naetwe, akakandika donge jingine la udongo kwenye ufa.

Alikuwa amesimama ndani ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba huku kwenye milima ya Upare, matope yakimfika magotini. Ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, na sisi vijana tulikuwa tukimpokeza udongo na kukandika vipande vya ukuta tulivyogawiwa. Sifaeli, mmoja wetu, ndiye aliyemfanya aseme hivyo. Alitaka tuache kazi mapema tukasikilize redio, maana viongozi wa vyama walikuwa na mdahalo kabla ya uchaguzi mkuu.

"Bibi, msemo huo ni wa wapi?" akauliza Namsifu.

"Wa hapa hapa uliposimama. Lete udongo, nikueleze ulivyoanza."

Ulianza hivi.

Zamani mtunza ndiva hakuchaguliwa kwa maneno. Kabla ya mvua za vuli, kila aliyeitaka kazi hiyo alipewa kipande cha ukuta akikandike. Maji yalifungiwa usiku kucha, na asubuhi wazee walipita nyuma ya ukuta wakiweka viganja. Kiganja kikitoka kikavu, mwenye kipande amefaa. Kikitoka kimelowa, alikwenda zake nyumbani bila kutukanwa, na mwakani aliweza kujaribu tena.

Mwaka mmoja walirudi watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko bondeni. Wakasema desturi yetu imepitwa na wakati. Huko walikotoka, wanaotaka uongozi husimama mbele ya watu wakabishana, na anayemshinda mwenzake ndiye anayepewa. Watu wakalipenda jambo hilo. Hata wazee wakalipenda, kwa kuwa kukaa na kusikiliza ni rahisi kuliko kuinama na kupapasa ukuta.

Waliotaka kazi walikuwa Kirigiti, Mchomvu na Nakijwa, mjane aliyeitunza ndiva tangu mumewe afariki. Wanaume wakakubali kubishana. Nakijwa akakataa.

"Ukuta umepata ufa," alisema. "Mwenye hoja anifuate nayo huko."

Ufa ule haukuwa jambo dogo. Maharage yalikuwa yamechanua. Maji yasipopatikana asubuhi baada ya mabishano, maua yangepukutika, na watu wa mtaa wa chini hawakuwa na chakula kingine cha kutegemea.

Siku ya mabishano kijiji kizima kilikusanyika uwanjani. Kirigiti akaahidi kwamba maji yatashuka kwanza mtaa wa chini. Mchomvu akaahidi hayo hayo, akaongeza mtaa wa juu. Kirigiti akaongeza bustani za mboga. Watu wakapiga vigelegele, na kila kigelegele kikaleta ahadi nyingine. Ilipofika alasiri, wale wawili walikuwa wamekwisha kugawa maji ya ndiva nne, na kijiji kina moja.

Nakijwa aliita watu wa kumletea udongo, asiitikiwe. Basi akapanda uwanjani na matope yake, mkononi ana kibuyu kitupu.

"Karibu, mama!" msimamizi wa mabishano akacheka. "Tulidhani umeogopa. Jukwaa lako lile pale."

"Sikuja kupanda." Akakiweka kibuyu mbele ya wasemaji. "Mmesema tangu asubuhi. Temeni mate humu, nikamwagilie maharage."

Watu wakaangua kicheko. Mchomvu akakasirika. "Unatutukana mbele za watu! Jibu hoja. Wewe mtaa wa chini utawapa maji lini?"

"Yatakapokuwapo."

"Hilo si jibu!"

"Ufa nao si jibu, lakini ndio unaoyanywa sasa hivi. Bisheni mpaka jua lizame. Mimi hapo sipandi, leo wala mwakani. Ndiva haijai kwa mate."

Akageuka akarudi alikotoka.

Kisha Kirigiti akashuka jukwaani, akakunja nguo yake, akamfuata. Watu nao, walipoona mabishano yamebaki na mtu mmoja, wakainuka. Mchomvu akaachwa akimshinda msimamizi.

Walikandika, kila mmoja kipande chake, hadi giza likaingia, wakayafungia maji. Asubuhi wazee wakaona haya kidogo, lakini wakainama nyuma ya ukuta kama zamani. Kipande cha Nakijwa kilikuwa kikavu. Cha Kirigiti kililowesha kiganja. Akacheka mwenyewe, akasema, "Mwakani." Maji yakateremka, maharage yakapona. Mwaka uliofuata kipande cha Kirigiti kilikuwa kikavu, na Nakijwa alipozeeka, yeye ndiye aliyerithi kazi.

"Na Mchomvu?" aliuliza Namsifu.

"Hakuwa mtu mbaya. Aliulizwa swali baya, akalijibu vizuri."

Sifaeli hakuridhika. "Lakini bibi, hawa wa redioni hatuwezi kwenda kupapasa kuta zao."

Bibi Naetwe alilainisha donge la udongo mkononi. "Hapo umeuliza vizuri, mjukuu wangu. Ila kila mmoja wao katoka mahali, na alishika kitu kabla ya kushika kipaza sauti. Alishika shule, au barabara, au ghala la ushirika. Watu wa huko wana viganja. Waulizeni hao. Redio isikilizeni mkipenda, lakini msije mkaniambia mmemjua mtu kwa kuwa amemzidi mwenzake kusema."

"Wewe husikilizi?"

"Sisikilizi. Na kura nitapiga."

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mlima. Sifaeli aliitazama njia ya kwenda nyumbani, kisha kipande chake cha ukuta, ambacho hakikuwa kimefika hata nusu. Akachukua majani ya mgomba, akaufunika udongo uliobaki usikauke.

"Kesho nitakimalizia, bibi."

"Kimalizie. Yakishafungiwa maji, nitapita nyuma."

"Na kiganja?"

"Na kiganja. Ndiva haijai kwa mate."