Kopo la Kombolela

Zimeni simu kwanza. Kisa hiki kilianzia kwenye simu kikafia humohumo, na mimi sipendi kushindana na kengele.

Palikuwa na vijana watatu mjini Tanga. Semboja alijua kuiamuru kompyuta nayo ikatii. Mwanahawa alichora watu hadi ukadhani watakusalimia. Hizza alijaliwa masikio: kwa mlio wa ndala tu angekwambia nani anapita nje. Kila mmoja peke yake alikuwa kijana asiye na kazi. Walipoungana, walikodi chumba kilichokuwa cha fundi cherehani, wakafungua studio ya gemu, ya kwanza katika mji wao, wakaitia kombolela kwenye simu.

Nani hapa hajacheza kombolela? Mmoja anatafuta, wengine wanajificha, kopo limesimama katikati. Ukionekana umekamatwa, unakwenda kusimama kando ya kopo. Lakini akibaki hata mmoja mafichoni, akachomoka mbio akalipiga teke, nyote mko huru.

Semboja aliifanya gemu ifunguke hata kwenye simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, na kazi hiyo ikamharibia macho.

Mwanahawa alimpa binti wa kwenye gemu sura ya mdogo wake Siwema, aliyekufa kwa homa angali mdogo. Humo ndani Siwema anakimbia, analipiga kopo, anacheka.

Hizza alitia sauti ya mama yake, anayewaita watoto mchezo ukiisha: "Nyie watoto, giza hilo! Njooni muoge!" Mama huyo leo hasemi tena, kiharusi kimemfunga ulimi.

Gemu ikapendwa, kutoka Tanga mpaka Bujumbura. Nilisikia kwa masikio yangu watoto wa jirani wakiitwa na yule mama wa kwenye simu, wakaondoka kweli kwenda kuoga, na mama yao mzazi akanuna. Wafadhili wakaja, wafanyakazi wakaajiriwa, studio ikahamia ghorofani.

Haikuwa na bosi. Mezani lilikaa kopo la maziwa ya unga, na sheria ilikuwa moja: asiyeridhika aliangushe kopo, na likianguka kazi inasimama, wanaanza upya mpaka wote waridhike. Sheria hiyo ndiyo iliyoifanya gemu ya kwanza iwe nzuri vile.

Ikaja gemu ya pili. Wafadhili waliitaka nzito, ya simu za wenye nazo. Semboja akaliangusha kopo. "Watoto waliotufikisha hapa ndio tuwafungie mlango?" Wakaanza upya.

Wafadhili wakataka sura za watoto zipaushwe kidogo, ziwapendeze watu wa mbali. Mwanahawa akaliangusha kopo. "Siwema wangu hapauki kwa ajili ya mtu." Wakaanza tena upya.

Mwisho wakataka watoto wote waseme Kiingereza. Hizza naye akaliangusha. "Mama yangu awaite watoto kwa lugha asiyoijua?"

Kila mmoja alikuwa na haki, na hilo ndilo linaloniuma. Angekosea mmoja tungemlaumu tukalala. Wafadhili wakachoka wakaenda zao, wafanyakazi wakafuata. Wakati huo wote gemu ya kwanza haikutunzwa. Simu mpya zilipoingia, ikaacha kufunguka. Marafiki wakaanza kuhesabiana makopo. Lako lilikuwa kiburi, langu lilikuwa haki. Wakagawana kazi yao kama watu wanaotalikiana: Semboja programu, Mwanahawa picha, Hizza sauti, na salamu zikakatika.

Sasa kampuni moja ya mbali imesema itaifufua gemu ya kwanza, kwa sharti. Habari za kopo haizitaki. Inataka mtu mmoja, apewe vyote, aamue peke yake kipi kibaki na kipi kitoke. Wawili wajitoe, wasitajwe tena. Asipopatikana kufikia Ijumaa, gemu na izikwe.

Wakakutana kwenye chumba kilekile, ambako cherehani imesharudi. Fundi akawapisha. Kopo wakaliweka katikati.

"Bila mimi haifunguki," alisema Semboja, akipapasa meza.

"Ikifunguka bila Siwema, utakuwa umefungua nini?"

"Nikupe wewe Mwanahawa, sauti ya mama utaiacha ilivyo?" aliuliza Hizza.

Mwanahawa akaigeukia cherehani. Hizza akaanza kulia, mtu mzima na ndevu zake, wala hakuna aliyemshika bega.

"Basi mbona tumekaa tu?" aliuliza Semboja. "Tunamngoja nani?"

"Wa mwisho," alisema Mwanahawa. "Aje alipige teke, atukomboe."

"Wa mwisho yupi, Mwanahawa? Sote tuko hapa kando ya kopo."

Wakainuka mmoja mmoja bila kuagana. Kopo lingali kwenye meza ya fundi, na kesho ni Ijumaa.

Mimi nimelifikiri jambo hili mpaka nimelichukia. Nikimpa mwenye macho mabovu, namzika Siwema mara ya pili. Nikimpa dada yake, namnyamazisha mgonjwa. Nikimpa mtoto wa mgonjwa, nimemwambia Semboja macho yake yalikwenda bure. Nikiwaacha walivyo, nimewazika wote. Lakini ninyi mnaonisikiliza hamjakamatwa, ninyi bado mko mafichoni. Haya, chomokeni: kopo lile mngempa nani?