Waya wa Breki na Mtoto Asiye na Jina

Sogeeni, lakini aliyekuja na ubishi wake auache mlangoni pamoja na viatu. Hadithi hii nimeisimulia vijiji vingi, na kila mara watu huondoka wamenuniana. Mimi nimeshachoka nayo. Leo mtanisaidia.

Walikuwepo watu watatu na pikipiki moja. Mzee Singano alikuwa na kipaji cha kununua kitu ambacho jirani hana. Mwantumu, fundi pikipiki, alikuwa na jicho la kuona kilicholegea. Kihiyo, dereva wa bodaboda, alikuwa na moyo usioshtuka hata dunia ikipinduka.

Singano alinunua pikipiki yenye breki ya ABS kwenye tairi la mbele. Breki hiyo haikubali tairi ligande: ukiibana kwa nguvu kwenye utelezi, yenyewe inaachia na kushika, inaachia na kushika, kishikio kikitetemeka mkononi, nawe huserereki. Kijiji kizima kilimcheka. "Mzee, si ungenunua ya kawaida tu, hela iliyobaki ukaezekea choo?" Mnadhani alijali usalama? Wapi! Alitaka kumkomoa shemeji yake. Lakini alinunua.

Kihiyo akapewa aiendeshe. Siku ya kwanza alipobana breki ya mbele, kishikio kikamtetemekea vidoleni. "Hii mbovu," akasema, akauchomoa waya mwembamba unaoshuka kwenye tairi. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Akaibandika plasta ya kidonda. Plasta, jamani! Kana kwamba taa ndiyo mgonjwa.

Mwantumu alipoletewa pikipiki abadilishe oili, aliiona ile plasta, akaufuata waya na kuurudishia. Plasta akaiacha palepale. Alimwambia Kihiyo? Hakumwambia! "Ningemwambia angeuchomoa tena," alisema baadaye, na hapo sijui nimsifu au nimgombeze.

Basi asubuhi moja ya mvua mwanamke mmoja wa hapo kijijini, jina lake Sikudhani, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mumewe alikuwa safarini, gari hakuna. Kihiyo akampakia, wakaanza kushuka mlima kwenda zahanati. "Kaka, nifikishe," Sikudhani alilia, amemng'ang'ania koti. "Nakuapia, atakayetufikisha salama ndiye atakayempa mwanangu jina."

Kwenye kona, ng'ombe kasimama katikati ya njia. Upande huu mlima, upande ule korongo. Kihiyo alikanyaga breki ya nyuma, mguu ukateleza kwa tope. Akabana ya mbele, kwa vidole vyote. Kishikio kikaanza kumtetemekea. Mwingine angeachia kwa woga. Yeye hakuachia. Pikipiki ikasimama wima, na ng'ombe akailamba taa. Kabla ya adhuhuri alizaliwa mtoto wa kike, mzima, na mama yake mzima.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana habari ya ile kona na ya kile kiapo ilifika kijijini, na Singano na Mwantumu wakaja mbio zahanati.

"Jina nitatoa mimi," alisema Singano. "Bila breki yangu mngekuwa korongoni."

"Breki yako ilikuwa imekufa, mzee wangu," alisema Mwantumu. "Aliyeifufua ni mimi."

"Na nani aliyeibana?" aliuliza Kihiyo. "Au ilijibana yenyewe? Mimi hata bila hayo madude yenu ningesimama."

Walibishana mbele ya kitanda mpaka nesi akawatoa nje, wakaendelea dirishani. Mtoto wa watu anaitwa "Wewe", kwa sababu watu wazima watatu hawataki kunyamaza.

"Basi jamani!" Sikudhani alipiga kelele. "Jina baadaye. Kwanza nani ananirudisha nyumbani? Njia ni ileile, na mvua haijakatika."

"Mimi hapa," Kihiyo alijibu kwa furaha. "Na usiogope, dada. Safari hii hakuna kutetemeka. Nimeshauchomoa ule waya."

Pale dirishani, Singano alitazama mawingu. Mwantumu alishika kichwa. Sikudhani akamkumbatia mwanawe, akarudi kukaa kitandani.

Sasa msinikodolee macho mimi. Mmoja alinunua kwa majivuno, mmoja alitengeneza kwa siri, na wa tatu alishikilia kitu asichokiamini hadi leo. Ukimwondoa yeyote kati yao, hakuna mama, hakuna mtoto. Je, wewe ungempa nani haki ya kumpa huyu mtoto jina? Amueni haraka, maana mvua inazidi, na Kihiyo ameshawasha pikipiki.