Mabawa ya Senene

Sogeeni jikoni, ngano inaingia, ipisheni njia.

Zimwi lilitawala kijiji. Wanawake walikamata senene, wale panzi watamu, wakawanyonyoa mabawa, wakalikaangia zimwi, lakini kuwala kulikuwa mwiko kwao. Kokushubila alipojifungua, alidhoofika. Mumewe, Rwegoshora, akaenda kuomba konzi moja tu, maana nyama na mafuta ya senene humrudishia mzazi nguvu.

Zimwi likacheka. "Mkeo atafune mabawa!"

Akatafuna mabawa. Siku ya tatu akafa.

Rwegoshora akamzika pamoja na mabawa yaliyobaki. Asubuhi kaburi likatoa senene wanono. Akalikaangia zimwi chungu cha kwanza, likala, likakonda. Cha pili, likala, likakonda zaidi. Cha tatu, likaanguka, mifupa mitupu.

"Wee Rwegoshora, senene gani hawa wasioshibisha?"

"Ni mabawa yale yale, bwana mkubwa. Mke wangu amekurudishia."

"Nipe wenye nyama! Konzi moja tu!"

Rwegoshora akawaita wanawake wote. Wakaketi mbele ya zimwi, wakala senene wenye nyama waliowakamata wenyewe mpaka chungu kikaisha. Zimwi likafa likitazama.

Ngano imefika nyumbani kwake. Mwenye konzi ya senene na ampelekee mzazi.