Firigisi ya Arobaini

Kaeni vizuri. Kisa hiki ni kifupi, ila hakimezeki upesi.

Huko Singida, Bi Zaituni alikuwa na watoto wawili. Hamisa alijaliwa kichwa cha hesabu, akasoma hadi akawa mwanaanga. Ntandu alijaliwa mikono. Aliendesha bodaboda kwenye vumbi na matope bila kuyumba. Kipaji cha baba yao, Mzee Mughenyi, kilikuwa kuwapenda wote wawili sawasawa.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Kuku akichinjwa, firigisi haikuwa ya mwenye nyumba kama kwa watu wengine. Alipewa aliyerudi kutoka safari ya hatari zaidi, na siku hiyo neno lake ndilo lililofuatwa.

Hamisa aliporuka na roketi, mama alifunga na kuomba mpaka midomo ikakauka. Ntandu naye, mama alimwombea kila asubuhi, kwa mazoea. Mzee hakuombewa kabisa, maana yeye yuko nyumbani, atapatwa na nini? Siku Hamisa alipotua salama, mzee alivuka barabara kwenda kumtazama kwenye televisheni ya dukani. Lori likamgonga.

Arobaini ilipofika, Bi Zaituni alichinja kuku. Hakulia. Moyo ulikuwa umeingia ganzi. Alipika kwa sababu mikono ilijua kupika. Safari hii, atakayekula firigisi ndiye atakayekalia kiti cha mzee.

Hamisa alisema taratibu kwamba wanaopanda roketi ni wachache, na katika uchache wao wamekufa wengi mno. Safari yake moja inazishinda kwa hatari safari elfu za pikipiki. Ntandu akamwambia ahesabu basi kwa kilomita. Dada ameizunguka dunia tena na tena, akarudi bila mkwaruzo. Yeye, kati ya hapa na stendi tu, ameshazika wenzake, na kesho atapanda tena.

"Wote mna haki," mama alisema. "Tena wote mmerudi."

Hapo ndipo walipoona kwamba ameweka sahani nne, kama siku zote. Mzee hakwenda mbali, alivuka barabara tu, tena akiwa na furaha. Lakini desturi inasema aliyerudi.

Bi Zaituni alisimama na upawa mkononi, firigisi ikipoa, naye hakuhisi hata uzito wake.

Hamisa, Ntandu, au mzee? Je, wewe ungeiweka kwenye sahani ya nani?