Bwana Taratibu na Bwana Vurugu

Ndugu zangu, kaeni vizuri, na wale wa nyuma sogeeni kidogo, maana leo nawapeleka mahali ambapo wengi wetu tukimkuta mtoto wetu tunamtoa kwa sikio. Nawapeleka kwenye banda la gemu. Msiwe na wasiwasi, tutatoka salama.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kuchomelea. Alitengeneza mageti na madirisha ya chuma katika mji mdogo wa milimani, na kazi yake ilisifiwa. Yeye mwenyewe pia alisifiwa, karibu kila siku. Nasema karibu, kwa sababu fundi yule alikuwa watu wawili. Wa kwanza alikuwa mtu wa kumwazima jirani ngazi na kusahau kuidai. Bibi akimletea jembe lililovunjika alilichomelea pale pale, na bibi akianza kushukuru alimkatiza kwa kumuuliza habari za wajukuu. Wa pili alikuja bila kubisha hodi. Chumvi imezidi, au mteja amesema geti limepinda, basi macho yanabadilika, sauti inabadilika, na chochote kilicho karibu na mkono kinaruka. Baada ya nusu saa yule wa pili anaondoka na wa kwanza anarudi. Anaokota vipande vya sahani kwa upole na kusema maneno yale yale: "Jamani, yule hakuwa mimi."

Na watu walimkubalia. Majirani walisema akitulia hakuna mtu mwema kama yeye. Mkewe alikuwa na utaratibu wake: akiona macho yanabadilika, anawashika watoto wawili mikono, anakwenda kusimama uani kwa jirani mpaka kupoe. Walizoea, kama watu wanavyozoea mvua. Lakini siku moja hakuwahi. Sufuria ikapigwa teke jikoni, na maharage ya moto yakamwagikia mguu wa binti yao mdogo, mtoto wa miaka minne.

Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini mama yake alifunga nguo, akaenda na watoto kwa kaka yake, akatuma ujumbe mmoja tu. Baada ya wiki tatu familia zikae kikao, na siku hiyo atasema kama anarudi au harudi kabisa.

Sasa fundi akabaki na nyumba iliyonyamaza. Mmeshawahi kukaa katika nyumba iliyoondokewa na watoto? Unasikia hata bomba likidondosha maji. Kwa hiyo kila alipofunga kazi, badala ya kurudi kwake akawa anapitia banda la gemu lililokuwa mkabala na karakana yake.

Mle bandani kulikuwa na gemu moja iliyopendwa kuliko zote. Ilitoka nchi ya mbali, maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma, basi watu wakajitungia maelezo yao. Ndani yake kuna mlinzi wa daraja la kamba. Kazi yake ni kuwavusha wanakijiji juu ya korongo, kutoka ng'ambo inayoungua moto hadi ng'ambo iliyo salama. Anafunga kamba, anapanga mbao, anamshika mzee mkono. Lakini maadui wakimpiga mawe matatu, anageuka. Macho yanakuwa mekundu, mabega yanapanda, na panga lile lile alilotumia kujenga daraja anakatia kamba za daraja. Wanakijiji wanaanguka. Kisha anatulia, anatazama korongoni, anaanza upya. Vijana walimpa majina mawili. Akiwa mtulivu aliitwa Bwana Taratibu. Akigeuka aliitwa Bwana Vurugu.

Na banda lile lilikuwa na desturi yake. Bwana Vurugu akitokea, mchezaji anaweka pedi mezani. Pedi, kwa wazee wenzangu, ni kile kidude cha mkononi chenye vitufe, cha kumwongozea mtu wa kwenye kioo. Mchezaji anaiweka chini, anakunja mikono, anangoja. Wote waliamini kwamba Bwana Vurugu hasikii pedi. Walikuwa wamejaribu: unabonyeza kulia, haendi kulia. Kwa hiyo watu walioanguka wakati wa Bwana Vurugu hawakuhesabiwa kuwa kosa la mchezaji. Watu walicheka, wakanywa soda, wakangoja mwenyewe atulie. Mwaka mzima ulipita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukivusha kijiji chote.

Fundi alipoelezwa haya alicheka kwa mara ya kwanza tangu mkewe aondoke. Alimwambia mwenye banda kwamba huyu mlinzi ni yeye mtupu, na kwamba hatimaye amepata mtu wa kumwelewa, ingawa anakaa ndani ya televisheni. Akacheza kila jioni. Hakuna aliyeweka pedi mezani kwa raha kama yeye.

Wiki ya pili akaingia mwalimu wa hisabati, mwanamke wa makamo aliyehamishiwa mji ule siku chache tu zilizopita. Alikuja kuchaji simu, maana kwake umeme ulikuwa haujaunganishwa. Wakamkaribisha acheze huku akingoja, wakiwa na hamu ya kumwona akiaibika. Alicheza polepole, akajenga daraja la heshima. Mawe matatu yakampata mlinzi wake, na Bwana Vurugu akasimama.

"Madam, weka pedi mezani," fundi akamwambia. "Huyo hasikii."

"Nani kasema hasikii?"

"Sote hapa tunajua."

"Mimi sijui," akasema mwalimu. "Mimi mgeni."

Akaendelea kubonyeza. Banda zima likacheka, na mmoja akauliza kama hisabati za siku hizi ndivyo zinavyofundishwa. Kamba ya kwanza ikakatwa, na ya pili. Mwalimu aliinama karibu na kioo, kimya, kama mtu anayesahihisha daftari. Kisha akasema, bila kumwambia mtu hasa, kwamba anasikia, ila anasikia kinyume. Ukibonyeza kulia anakwenda kushoto. Ukibonyeza mbele anarudi nyuma. Ukibonyeza kitufe cha kupiga, anashusha panga. Ukimwachia tu, ndipo anapokata.

Akamrudisha nyuma hatua kwa hatua, akamshusha panga, akamsimamisha pembeni mwa daraja mpaka wekundu ukamtoka machoni. Kwenye kamba zilizosalia kulikuwa na wanakijiji wanane. Wote wanane walivuka.

Sasa hakuna aliyecheka. Fundi akasema amebahatisha. Mwalimu akakubali kwamba inawezekana kabisa, akamsogezea pedi ajaribu mwenyewe, akachukua simu yake na kwenda zake.

Ndugu zangu, mnadhani kwa kuwa fundi alishajua siri, aliweza? Hakuweza. Kujua alijua, lakini vidole vilikwenda kule vilikozoea. Siku ya kwanza alivunja daraja lote. Siku ya pili pia. Vijana walimtania kwamba mikono ya kushika chuma haijui kushika kitu chepesi. Mara mbili aliweka pedi mezani kwa mazoea, akaichukua tena kwa aibu. Siku ya tano Bwana Vurugu aligeuka mara nne, na mara zote nne fundi alibaki naye, akimrudisha, akimshusha panga. Kijiji chote kikavuka, mpaka mzee wa mwisho na mbuzi wake.

Banda lilipasuka kwa shangwe. Watu walipiga meza, wakamwinua na kiti chake. Walipomshusha wakaona analia. Mwenye banda alimuuliza kuna nini, mbona ameshinda.

"Mwaka mzima tumewaangusha watu wale," akasema fundi, "na pedi ilikuwa inafanya kazi."

Basi siku ya kikao ikafika. Mnazijua desturi zetu. Mume mwenye kesi hasemi. Anakaa ametazama chini, mshenga ndiye anayesema kwa niaba yake. Mshenga wake alikuwa baba yake mdogo, mzee mwenye ulimi mtamu, na alianza vizuri sana. Alisema kijana wetu alipitiwa. Alisema shetani hana adabu, humwingilia mtu hata jikoni kwake, na mtu akishapitiwa si yeye tena. Wazee wa pande zote mbili wakaanza kutikisa vichwa, maana nani katika chumba kile hakuwahi kupitiwa? Kesi ilikuwa inaelekea kuisha. Mke alikuwa amekaa karibu na mlango, mtoto mdogo ubavuni, ametazama ukuta. Maneno yale alikuwa ameyasikia miaka kumi na miwili.

Fundi akanyoosha mkono. Baba mdogo akamkanyaga mguu chini ya meza. Fundi akauacha mguu ukanyagwe, akasimama.

"Baba mdogo, asante. Lakini sikupitiwa na mtu. Aliyepiga teke sufuria nilikuwa mimi. Kwa mguu huu huu ulionileta hapa."

Shemeji yake ndiye aliyejibu, na alikuwa na uchungu wa haki, kwa kuwa kidonda cha mtoto alikuwa amekisafisha yeye.

"Afadhali umesema mwenyewe," akasema. "Sasa wote tumejua kwamba dada yangu alikuwa anaishi na mnyama."

Hapo ndipo, wapendwa. Mnadhani yule wa pili alikuwa amehama? Alikuwepo. Masikio ya fundi yalipata moto. Macho yalianza kubadilika, na mkewe aliyaona, maana alikuwa anayajua kuliko mtu yeyote duniani. Mkono wake ulikuwa umeshamshika mtoto ili atoke naye. Hapa ndipo fundi alipokuwa akiachia kila siku. Safari hii hakuachia. Miguu ilitaka kwenda mbele, akakaa. Mkono ulitaka bilauri iliyokuwa mezani, akaukalia. Sauti ilitaka kupanda, akaishusha mpaka wazee wakainama ili wamsikie.

"Shemeji, limeniuma," akasema. "Na una haki ya kulisema. Endelea, nasikiliza."

Mkewe akauachia mkono wa mtoto. Akamgeukia mumewe.

"Baba Tumpe," akasema, "nimeishi na wewe miaka kumi na miwili. Leo ndiyo mara ya kwanza nimewaona wote wawili pamoja."

Hakurudi siku ile, na mtu asimlaumu. Alisema ataangalia, na aliangalia kweli. Kila Jumapili mchana fundi alikwenda kwa shemeji yake, akakaa na wanawe, akaulizwa maswali magumu, akayajibu. Mara nyingine aliondoka ametota jasho kama aliyekuwa akichomelea. Mwezi wa tano tangu kikao kile, siku ya mnada, watu waliokuwa barabarani walimwona mama yule akipandisha kilima na watoto wake wawili, sufuria kichwani, anarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, na wanawake wakampigia vigelegele kuanzia sokoni mpaka mlangoni kwake.

Sasa tuje kwetu. Kwanza nieleweke: sisemi habari za mgonjwa. Wapo kati yetu ambao akili zao zinaugua kweli, kama tumbo linavyougua. Hao wanahitaji daktari na upendo wetu, na asitokee mtu wa kuutumia mfano huu kumsema mwenzake. Nasema habari zetu sisi wazima, tunaoachia.

Kwa nini tunapenda sana kusema tulipitiwa? Kwa sababu neno hilo linatutoa mahali kosa lilipotendeka. Sahani zimevunjika, mtoto analia, na sisi hatukuwepo. Ni hasira iliyofanya, ni pombe iliyosema, ni uchovu uliotukana. Simcheki anayesema hivyo. Nadhani wengi wetu tunaamini kabisa kwamba yule mwingine hasikii, kwa kuwa tulishajaribu mara moja, tukabonyeza kulia, asiende.

Lakini fikirini jambo hili. Kama hukuwa wewe, Mungu akija na msamaha atampa nani? Anabisha hodi, nawe unatoka umevaa nadhifu, unamwambia aliyekosa hayupo, ametoka. Basi msamaha unasimama pale uani na hauna wa kuupokea. Na hivi ndivyo tunavyofanya Jumapili hata Jumapili. Tunamwosha Bwana Taratibu, tunamvalisha suti, tunamleta kanisani aungame makosa ambayo hakuyatenda. Yule aliyeyatenda tumemwacha nyumbani, amefungiwa, na tunashangaa kwa nini tukirudi tunamkuta vile vile. Ndugu zangu, huyo wa nyumbani ndiye Mungu anayemtafuta. Hakumwogopa jana, hamwogopi leo.

Mleteni. Mleteni na panga lake. Na kabla ya chakula cha leo, yupo mtu mezani kwako ambaye amengoja miaka mingi kusikia maneno mawili tu: nilikuwa mimi. Mwambie, kisha unyamaze, umsikilize, hata kama litakalofuata litauma. Na ukishayasema usiinamishe kichwa kama aliyeshindwa. Kiinue. Kwa mara ya kwanza umekaa mezani mwako ukiwa mtu mmoja, na mbingu nzima inajua jina la kukuitia.