Majiwe Mawili ya Kipanya

Wahenga walinena kwamba akili nyingi huondoa maarifa, na kwa kuwa wote wamekwisha kulala makaburini, ni vigumu kwenda kuwabishia. Maana yake si ngumu: mtu akijijaza werevu hadi kooni, lile jambo dogo lenye faida hukosa mahali pa kukaa.

Modeste alikuwa mwana wa wavuvi wa Makobola, akisoma katika shule ya bweni iliyojengwa kwenye mteremko juu ya Uvira. Alikuwa mwembamba kama ndagala, yule dagaa wa Ziwa Tanganyika, aliyeanikwa, lakini kichwa chake, kwa maoni yake mwenyewe, kilikuwa kizito kama nanga. Aliwahi kuifufua redio ya mpishi, na tangu hapo bweni zima lilimwita Daktari, naye hakumkataza mtu.

Darasa lao lilikuwa na saa moja ya kompyuta kila wiki. Mwalimu Donatien aliipata kwa kuomba na kusihi, maana zamani saa hiyo ilikuwa ya kulima mihogo ya shule. Prefe, yaani mkuu wao, alikubali kwa sharti moja: Mama Olga, inspekta, aje awaone wanafunzi wakiitumia mashine kwa mikono yao. Akiridhika, saa ibaki. Asiporidhika, wanafunzi warudi shambani.

Modeste aliipenda saa ile kuliko wali wa Jumapili. Ndiyo maana asubuhi ya ukaguzi, kipanya cha kompyuta kilipokataa kuwaka, alikuwa wa kwanza kukirukia. Kompyuta yenyewe ilikuwa nzima, ila kile kibao chake cha kuguswa kwa kidole kilikufa siku kilipomwagikiwa chai ya maziwa. Bila kipanya, ilikuwa sanduku la kutazamwa tu. Na Modeste mwenyewe ndiye aliyekuwa ametoka kukitilia betri mpya, zile ambazo watu wa kando ya ziwa huziita majiwe, ili kisije kikachoka mbele ya mgeni. Alikibonyeza, akakitikisa, akakigeuza tumbo juu. Ile taa nyekundu ya tumboni haikuonekana. Kipanya kilikuwa kimya kama maji ya mtungini.

Mwalimu akauliza kama majiwe yenyewe ni mazima. Modeste akayatoa, akayatia katika tochi yake, na tochi ikawaka mchana kweupe. Kwa hiyo, alieleza kwa sauti ya tabibu anayewaandaa jamaa kwa msiba, majiwe yalikuwa na afya njema. Mgonjwa ni kipanya.

Noella, jirani yake wa dawati, binti wa wakulima wa Lemera asiyependa kupoteza maneno, alikuwa ameinama akichungulia ndani ya tumbo la kipanya.

"Weye Modeste, humu ndani iko mchoro," alisema. "Angalia kwanza."

"Mchoro ni ya batu wenye hawajue majiwe. Miye nilikulia mu mutumbwi, tochi mukononi."

"Sawa, Daktari. Lakini hii si mutumbwi."

Darasa likacheka. Modeste hakucheka, kwa sababu madaktari hawacheki wodini.

Matibabu yakaanza. Kwanza alitangaza kwamba ni unyevu wa ziwa, akakianika kipanya dirishani. Jua likakipasha moto, nacho hakikuamka. Kisha akasema ni kutu, akavisugua vyuma vya ndani kwa ndimu aliyoiomba jikoni, ingawa viling'aa kama meno ya mtoto. Halafu akalaumu kile kidude kinachochomekwa kwenye kompyuta ili isikizane na kipanya bila waya, akakihamisha kutoka tundu hadi tundu. Na kila mara aliyarudisha majiwe jinsi mikono yake ilivyozoea tangu utotoni: vichwa vyote viwili upande mmoja, kama yanavyolala katika tochi. Mwishowe akaagiza bisibisi, apasue.

Mwalimu Donatien alimshika mkono kabla hajapasua, na wakati huohuo Mama Olga akaingia, akaketi, akaomba somo lianze.

Modeste akasimama, akajikohoza, akaanza kueleza kwa nini kompyuta haikuweza kutumika. Alieleza mvuke wa Tanganyika na tabia zake. Alieleza kutu. Alipofika kwenye mawimbi ya hewani, mikono yake ilikuwa ikipaa kama ya mhubiri, na Prefe, aliyesimama mlangoni, alikuwa amekwisha kugeuza macho kuelekea shamba la mihogo.

Nyuma ya mgongo wa msemaji, Noella alikipakata kipanya. Alitoa jiwe moja, akaliweka kichwa mahali palipokuwa na mkia, akafunika. Mwanga mwekundu ukaimulika sketi yake ya bluu. Akaenda mezani, akakisogeza kipanya, akafungua ukurasa na kuandika jina la shule. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, kila mtu akiandika lake.

Mama Olga aliwatazama mpaka wa mwisho, kisha akamgeukia Modeste, ambaye bado alisimama, mkono mmoja hewani.

"Endelea, mwanangu. Ulikuwa umefika kwenye mawimbi."

"Yamesharudi ziwani, Mama," alijibu Modeste, akakaa.

Inspekta akamuuliza Noella kipanya kilikuwa kinaumwa nini.

"Jiwe moja lilikuwa limelala vibaya, Mama. Nimeligeuza."

Mama Olga alimwambia Prefe kwamba saa ya kompyuta ibaki, na kama inawezekana, iongezwe ya pili. Darasa likapiga makofi hadi madirisha yakatetemeka.

Wengine walipotoka, Modeste alikivuta kipanya polepole, akakifungua tumbo kwa mara ya mwisho. Mchoro ulikuwepo: majiwe mawili madogo, moja kichwa juu, jingine kichwa chini, yamechorwa waziwazi hata asiyejua kusoma angeelewa. Ulikuwa mdogo kuliko kidole gumba chake, na asubuhi nzima, kila alipokishika kipanya kukitibu, kidole gumba hichohicho ndicho kilichoufunika. Ama kweli, akili nyingi huondoa maarifa.